Kamera za mkanda tulizopewa msaada: maswali mnayouliza kila siku kuhusu bei na kuuza mtandaoni

Kikundi chetu kinapokea vitu ambavyo watu hawavitumii tena, tunaviuza, hela inaenda kwenye ada, sare na madaftari ya watoto wa mtaa wetu hapa Ilala. Nguo na vyombo kila mtu anajua kuvipangia bei, hata kijana aliyejiunga jana. Shida inaanza mtu akileta kamera. Siku hizi watu wanasafisha nyumba za wazazi wao huko Upanga, Kinondoni, Oysterbay, wanakuta kamera za mkanda kwenye makabati, wanatuletea na mfuko wake wa ngozi na kila kitu, afu sisi tunabaki tunatazamana. Maswali ni yaleyale kwa hiyo nimeyaandika hapa, na wale wa vikundi vya kanisani na msikitini mnaotupigia simu, haya yanawahusu pia.

Kamera tumepewa bure, si tuiuze bei ya kutupa tu iondoke?

Hapana bana. Aliyeitoa hakumpa yule mteja wa kwanza atakayepita, aliwapa watoto, kwa hiyo kila elfu kumi mnayoiacha mezani kwa uvivu wa kuuliza bei ni elfu kumi ya mtoto. Na kuna walanguzi wanazunguka kwenye vikundi kama hivi wakijua kabisa wanachotafuta, anakuja mpole, shikamoo mama, anachukua vikombe viwili na sahani afu anauliza kama bahati mbaya "na hiyo kamera mbovu mnauzaje", anaondoka nayo kwa elfu ishirini, kesho ipo Instagram laki tatu. Simlaumu sana yeye, anafanya kazi yake. Sisi ndo hatufanyi ya kwetu.

Basi kwa kuwa ni ya zamani sana itakuwa na hela nyingi?

Na hili nalo ndo kosa la upande wa pili. Umri peke yake haupangi bei. Kodak walitoa kamera ya Brownie mwaka 1900 ikauzwa dola moja ili kila mtu awe nayo, na wakaendelea kutengeneza Brownie za aina nyingi miaka na miaka, zipo kibao duniani mpaka leo, ndo maana kile kiboksi cha babu kinachoonekana kama cha makumbusho mara nyingi hakifikishi hata bei ya viatu vizuri vya mtumba. Halafu kuna Olympus mju II, ya 1997, plastiki tupu, inaenea mfukoni, ukiiona unadhani ya mtoto, watu wanaitafuta kwa hela ndefu kwa sababu lenzi yake ni kali na vijana wanapenda picha zake.

Kinachopanga bei ni mambo matatu: nani anaitaka, inafanya kazi au haifanyi, na je mkanda wake bado unapatikana. Mkanda wa 35mm na ule mpana wa 120 bado vinatengenezwa. Kamera ya mkanda wa 620 inasumbua kwa sababu Kodak waliacha kuutengeneza 1995, na ingawa mkanda wenyewe ni upana uleule wa 120, kile kigurudumu unachozungushiwa ni chembamba zaidi, hivyo mnunuzi itabidi auhamishe mkanda kwa mkono gizani. Wapo wanaofanya hivyo, ila sio wengi, na hawatoi bei kubwa.

Nitajuaje hii ni kamera gani?

Soma jina mbele, angalia juu, geuza chini, andika kila namba unayoiona. Lenzi nayo ina jina lake kwenye pete ya mbele na hilo ndo watu wengi wanalisahau, wanaandika "Zenit inauzwa" wakati lenzi yake ni Helios 44-2 ambayo watu wa video na mirrorless wanaitafuta kwa jina, wanaifunga kwenye kamera zao za kisasa kwa adapta ili nyuma ya picha kuwe na ule ukungu unaozunguka. Mara nyingine lenzi ina thamani kuliko mwili wa kamera, na ukiiandika jina lake tangazo linaonekana na watu wa aina mbili badala ya mmoja.

Hapa Dar tunazopata sana ni Yashica, Canon, Pentax K1000, Olympus Trip 35, halafu Zenit za Urusi na Praktica za Ujerumani Mashariki, hizi mbili za mwisho zimeletwa sana na wazee waliosomea huko enzi za Mwalimu. Ukiletewa Leica usishangilie haraka. Leica ya kweli ni hela kweli, lakini kuna FED na Zorki za Kisovieti zilizochongwa upya jina zikaitwa Leica, hasa zile za rangi ya dhahabu au zenye alama za jeshi la Ujerumani wa Hitler. Ikiwa inang'aa dhahabu na imechongwa ndege tai wa Ujerumani, uwezekano mkubwa ni feki, na ukiiuza kama Leica utakuwa umetapeli mtu hata kama hukukusudia.

Kuna mkanda ndani, nifungue niangalie?

USIFUNGUE. Kabla ya kugusa kitasa cha mlango wa nyuma, zungusha taratibu kile kitufe cha kurudishia mkanda, kipo juu kushoto, fuata mshale. Kikizunguka bure hamna kitu. Kikikaza, kuna mkanda, na ukifungua mwanga utaunguza picha za harusi ya mtu au za marehemu mama yake. Bonyeza kale kadude ka chini ya kamera, rudisha mkanda polepole mpaka usikie umeachia, ndo ufungue. Afu mpigie aliyetoa. Picha zilizo ndani hakutoa msaada, alitoa kamera, mkanda ni wake na hatusafishi tukaangalia. Familia nyingine wanalia kwenye simu ukiwaambia kuna mkanda, nyingine wanakwambia tupa. Vyovyote, wao ndo waseme.

Sina mkanda wa kujaribia. Nitajuaje kama inafanya kazi?

Hapa ndo pa kutumia muda, kwa sababu tofauti ya bei kati ya "inafanya kazi" na "hatujui" ni kama nusu.

Anza na betri. Kamera nyingi zinaletwa zikiitwa mbovu na kumbe ni betri tu. Mfano mkubwa ni Canon AE-1, ile iliyotoka 1976, hii shata yake (kile kinachofunguka kuingiza mwanga) ni ya umeme, bila betri haibonyezeki wala mkono wa kuvutia mkanda hauendi, mtu anahisi imekufa kabisa. Inataka betri ya volti 6 inaitwa 4LR44, na usipoipata Kariakoo chukua nne za LR44, zile ndogo za kikalkuleta na za vitochi vya leza vya watoto, zipange moja juu ya nyingine, zizungushie karatasi na gundi, zitaingia. Pentax K1000 ni kinyume chake, ni ya chuma na gia, shata inapiga hata bila betri, LR44 moja inayoingia chini ni ya mita ya mwanga tu. Afu haina swichi ya kuzima, kwa hiyo ukimaliza kuijaribu funika lenzi la sivyo betri itaisha ikiwa rafuni.

Olympus Trip 35 haina betri kabisa, ina kioo chenye vishimo vishimo kuzunguka lenzi kinachotumia mwanga wenyewe. Weka pete ya lenzi kwenye A, ziba kwa kiganja, bonyeza: inatakiwa igome na kibendera chekundu kijitokeze ndani ya kidirisha cha kuchungulia. Toka nje kwenye jua, bonyeza tena, inatakiwa ipige. Jua la Dar halijawahi kumnyima mtu kipimo hiki. Ikigoma hata kwenye jua basi seli, yaani hicho kioo, imechoka, ikipiga gizani bila kibendera basi kuna kilichokwama ndani, na hayo unaandika kwenye tangazo.

Kwa hizi nyingine zenye kupanga speed, fungua mlango wa nyuma ukishahakikisha hamna mkanda, elekeza dirishani, piga speed moja moja huku ukitazama kwa nyuma. Sekunde moja iwe kama sekunde moja kweli, 1/500 iwe kama kufumba na kufumbua. Ikikwama kwenye speed za polepole ni mafuta ya ndani yameganda, jambo la kawaida kwa kamera iliyolala miaka ishirini. Canon AE-1 ikipiga afu ikatoa sauti kama mtu anakohoa au bawaba inayolia, inajulikana kabisa, ni mafuta yamekauka kwenye gia za kioo, inatengenezeka, ila useme. FED na Zorki zina sharti lake: vuta mkono kwanza NDO ubadilishe speed, ukibadilisha kabla unaweza kuharibu mashine ukiwa unaijaribu.

Kingine, gusa zile sponji nyeusi za kwenye mlango kwa kijiti. Zikiwa kama lami zinazonata, zimeoza, mwanga utaingia. Na usiguse kioo cha ndani wala pazia la shata kwa kidole, na tafadhali asitokee mtu akapuliza WD-40.

Lenzi ina vitu kama utando wa buibui, ni uchafu?

Ni fangasi. Dar tuna joto na unyevu wa bahari mwaka mzima, na kamera ikikaa kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati la nguo lisilofunguliwa, fangasi wanajijengea. Kukagua: toa lenzi, fungua lote lile tundu lake la kupitisha mwanga, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande mwingine kwa pembeni kidogo. Vumbi ni nukta nukta, hilo halina shida kwenye picha, kila lenzi ya zamani inalo. Fangasi ni nyuzi zinazosambaa kama mizizi. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa ni kitu kingine tena, unapunguza makali ya picha kuliko fangasi kidogo wa pembeni, kwa hiyo usiviandike kwa jina moja.

Fangasi wa nje ya kioo unaweza kujaribu kumfuta kwa kitambaa laini cha miwani na dawa ya kusafishia lenzi. Wa ndani muache, usifungue lenzi kwa bisibisi ya kutengenezea simu, tutapoteza na hicho kilichobaki. Afu lenzi hiyo itenge na nyingine. Mfuko wa ngozi unaonuka uvundo usiiweke kamera humo tena, uuze pembeni kama mfuko. Sisi tunatumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mnavyovitupa kila siku.

Tuipeleke kwa fundi kwanza ndo tuiuze?

Mara nyingi hapana. Mafundi wazuri wa kamera za mkanda wamebaki wachache, wengine ni wazee, na gharama inaweza kula ongezeko lote la bei. Kubadilisha sponji ni sawa, ni rahisi na kunaonekana. Kutu ya kijani kwenye chumba cha betri futa mwenyewe kwa pamba na tone la siki, kausha vizuri. Zaidi ya hapo uza ilivyo na sema ilivyo. Isipokuwa kamera ya thamani kubwa, tuseme Nikon FM2 au Yashica Mat-124 G, hizo uliza kwanza bei ya fundi kabla hujaamua maana tofauti inaweza kulipa.

Sasa tunaipangaje bei?

Kwanza kabisa usiangalie bei ambazo watu WANAOMBA. Mtu anaweza kuweka kamera dola 900 ikakaa miaka mitatu, hiyo sio bei, hiyo ni ndoto yake. Nenda eBay, andika jina kamili la kamera pamoja na lenzi, afu chuja ionyeshe zilizouzwa tu. Hapo unaona hela iliyotoka mfukoni mwa mtu kweli.

Chukua kama nane au kumi za karibuni. Toa zile zilizofanyiwa sevisi na duka na kupewa waranti, toa zilizouzwa kama spea, toa ile moja iliyouzwa juu ajabu kwa sababu ilikuwa na boksi lake na risiti ya mwaka 1978. Zinazobaki zipange kutoka ndogo kwenda kubwa, chukua ya katikati. Sio wastani, ya katikati, maana bei moja ya kichaa inavuta wastani juu. Na uangalie kama nauli ya posta imo ndani ya bei au nje.

Tuseme ya katikati imetoka dola 100, na tuhesabu dola kwa 2,500 ili hesabu iwe rahisi, ni 250,000. Lakini mnunuzi wa hapa hana haki ya kurudisha kama wa eBay, na akishanunua ana kazi ya kutafuta mkanda na mahali pa kuusafisha, maana sio kila studio ya picha mjini bado inasafisha mikanda. Kwa hiyo kwa soko la hapa sisi tunaanzia kama theluthi mbili, hapo tunapata kama 165,000. Tunaandika 190,000 ili kuwe na nafasi ya kupatana, na tunakubaliana wenyewe kwamba chini ya 150,000 haishuki. Hiyo namba ya chini iandikwe kwenye daftari kabla tangazo halijapanda, kwa sababu mteja akija mtamu wa maneno mtu anashuka tu.

Halafu unapunguza kwa kasoro. Hizi ni desturi zetu, sio sheria ya mahali popote: ikiwa haijajaribiwa kabisa, nusu. Mita ya mwanga imekufa lakini shata nzima, punguza kama robo, siku hizi mita ipo kwenye simu. Fangasi wa ndani, kata nusu ya thamani ya lenzi. Kamera zilizotumia betri za zebaki, zile za PX625 ambazo hazitengenezwi tena, usizipunguze sana, kuna betri za kuchukua nafasi yake ila mita inaweza kusoma pembeni kidogo, taja tu. Mkwaruzo wa nje hauna neno, na wengine wanaupenda.

Kamera iliyokufa kabisa nayo ina bei. Wenye migahawa, wapambaji wa harusi na watu wa studio wanazitafuta za kuweka rafuni. Hizo tunauza kama pambo, na tunaandika PAMBO kwa herufi kubwa.

Tuiweke wapi mtandaoni?

Kamera ya kawaida weka Instagram, Facebook Marketplace, Jiji na status za WhatsApp za wanakikundi wote, siku moja, bei moja. Zikiwa tofauti watu wanaona, wanapiga screenshot wanakurushia. Nusu ya wateja wetu ni vijana wa kupiga picha ambao wameshachoka na simu, wanafuatana wenyewe kwa wenyewe, ukimuuzia mmoja vizuri anawaleta wenzake.

Kamera ya thamani kubwa, ambayo hapa mtu wa kuilipia ni mmoja au wawili, heri iende nje. Kama kuna ndugu au mdau Uingereza au Ulaya mwenye akaunti yake ya eBay na mauzo ya nyuma, muombeni aiuze kwa niaba yenu, mkubaliane kabisa makato na nani anabeba hasara ikivunjika njiani. Akaunti mpya isiyo na sifa ikiweka Leica kutoka Dar, mnunuzi anaogopa, na mimi ningeogopa.

Picha za tangazo zipigweje?

Asubuhi, karibu na dirisha, juu ya shuka ya rangi moja, bila flashi na bila filta. Kanga yenye maua inapendeza ila inaficha kamera. Piga mbele, nyuma, juu, chini, ndani mlango ukiwa wazi, chumba cha betri, na lenzi ikiwa na tochi nyuma yake. Hiyo ya tochi ndo inayouza. Mnunuzi anayejua akiiona tu anajua hawa watu wamekagua, haulizi maswali ishirini. Piga na kasoro kwa karibu kabisa. Serial namba ziandikeni kwenye daftari, ya mwili na ya lenzi, nitasema kwa nini huko chini.

Tangazo liandikweje?

Kama hivi:

"Pentax K1000 na lenzi ya 50mm f/2. Shata inapiga speed zote kwa kusikiliza, hatujajaribu kwa mkanda. Mita ya mwanga inasoma, betri mpya. Lenzi ina vumbi kidogo, fangasi hamna, angalia picha ya tochi. Sponji ya mlango imeanza kuoza. Kuna mbonyeo mdogo juu kulia, picha ya nne. Kifuniko cha lenzi hakuna. Tumepewa kama msaada, hela inalipa ada za watoto. 220,000, tupo Ilala, unakaribishwa kuja kuikagua."

Kuhusu msaada sema mara moja basi. Tangazo zima likiwa la huruma watu wanadhani kamera ni kimeo na mnaombea. Na bei iandikwe! Hii tabia ya "bei inbox" sijui ilitoka wapi, mtu anapita tu, hana muda wa kubembelezana.

Mteja anaandika "bei ya mwisho?" na hajaiona hata kamera

Atakuja tu huyo, kila siku. Usimjibu namba ya chini, ukimpa 150,000 kwenye meseji akifika ataanzia hapo kushuka kwenda laki. Mjibu kistaarabu, "kaka bei ni 190, ukifika ukaiona tutaongea, hatutashindwana." Anayetaka kweli anakuja. Na bei ikikaa wiki mbili au tatu bila mtu hata wa kuuliza, basi tatizo sio wateja, shusha kidogo au piga picha upya.

Malipo tupokeeje tusiibiwe?

Meseji sio hela. Kuna watu wanatengeneza meseji inayofanana kabisa na ya M-Pesa, anakuonyesha "nimeshatuma", meseji kweli imeingia, kumbe imetoka kwenye namba ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu ndo utoe mzigo, haijalishi ana haraka kiasi gani na bodaboda wake anapiga honi nje. Akisema katuma zaidi kwa bahati mbaya umrudishie tofauti, angalia salio tena. Na mkiwa mnasubiri malipo ya mteja afu ikaingia ile "hiyo hela tuma kwenye namba hii", mnajua wenyewe.

Tukutane mahali pa watu, mchana, pale Posta au Mlimani City, au aje ofisini kwetu. Aijaribu mbele yetu, tumuonyeshe serial namba, aandike jina na asaini kwenye daftari. Sababu ya serial ni kwamba wapo wanaorudi kesho yake na mwili uleule na lenzi nyingine yenye fangasi, wanasema mmeniuzia mbovu. Ukifungua daftari mjadala unaisha.

Mteja yuko mkoani, au yuko nje ya nchi

Mkoani basi linatosha, hela iingie kwanza. Toa betri, lenzi ivae vifuniko, izungushie nailoni ya mapovu, boksi ndani ya boksi, isicheze ukitikisa. Chukua risiti ya mzigo, mtumie mteja picha yake pamoja na namba ya gari.

Nje ya nchi ni Posta kwa EMS au kampuni za usafirishaji, uliza nauli kabla hujataja bei kwa mteja, wakati mwingine nauli inakaribia kamera. Fomu ya forodha jaza thamani ya kweli, ukiandika dola 10 na kifurushi kikapotea, fidia itakuwa ya hiyo dola 10. Ushuru wa kwao analipa yeye na mwambie mapema, hasa wa Marekani, kwa sababu tangu mwisho wa Agosti 2025 ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 umeondolewa na watu bado wanashtuka.

Mmoja wetu kwenye kikundi anaitaka, anaweza kununua?

Anaweza, ila tangazo likae hewani wiki nzima kwanza na alipe bei iliyoandikwa, sio ile ya chini ya kwenye daftari. Na asiwe yeye aliyeipangia bei. Hili limewahi kuleta maneno kwenye vikundi vingi kuliko hata wizi.

Kamera imeshauzwa, afu ndugu wa aliyetoa kaja anaidai

Inatokea kwenye vitu vya marehemu. Kaka katoa, dada alikuwa Mwanza hajui, anarudi anataka kamera ya baba. Ndo maana siku ya kupokea tunauliza kwa upole, "poleni na msiba, wenzako wanajua?", na kama mirathi bado haijakaa sawa tunamwambia airudishe nyumbani kwanza. Akishasaini karatasi ya kutoa, tunaiweka mwezi mmoja bila kuitangaza. Tukishauza tumeuza, ila tunampa dada risiti aone hela ilienda wapi, na namba ya mnunuzi hatuitoi, tunampigia sisi kumuuliza kama yuko tayari kuongea naye.

Flashi, mabegi na mikanda ya zamani tutupe?

Msitupe. Mikanda ambayo haijapigwa hata iwe imeisha muda wapo wanaoipenda kwa rangi zake za ajabu, andika tarehe iliyo kwenye boksi na kwamba imekaa kwenye joto, maana joto ndo linaloiua. Kama inasafiri kwa ndege mwambie mnunuzi, zile skana mpya za viwanja vya ndege zinaweza kuiharibu. Flashi za zamani uza peke yake na uandike kwamba isifungwe kwenye kamera ya dijitali bila kupimwa, baadhi yake zinatoa volti nyingi kwenye ile miguu ya chini kiasi cha kuunguza kamera ya kisasa. Kipimo anacho fundi yeyote wa redio, ni dakika mbili.